Louis Martin, Baba wa Mtoto Mgonjwa

Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu mnamjua nyote, maana sanamu yake yenye msalaba na maua ya waridi imo katika makanisa mengi ya misioni. Baba yake hajulikani sana. Basi leo tumtazame yeye.

Louis Martin alizaliwa Bordeaux, katika nchi ya Ufaransa, tarehe 22 Agosti 1823, akawa fundi wa saa mjini Alençon. Mwaka 1858 alimwoa Zélie Guérin. Mungu aliwajalia watoto tisa. Wanne walikufa wangali wadogo, wakabaki wasichana watano. Mwaka 1877 Zélie naye akafa kwa ugonjwa wa kansa. Teresia, kitinda mimba, alikuwa na miaka minne. Louis akahamia Lisieux na binti zake, wapate kuwa karibu na mjomba wao Isidore Guérin, mwuza dawa.

Teresia alimshika dada yake Pauline kuwa mama wa pili. Lakini Oktoba 1882 Pauline aliingia katika monasteri ya Karmeli, na mtoto akawa kama aliyefiwa tena.

Siku ya Pasaka, 25 Machi 1883, Louis alikuwa Paris pamoja na Marie na Léonie. Jioni ile mjomba alizungumza na Teresia juu ya marehemu mama. Mtoto akalia sana, kisha akashikwa na tetemeko ambalo mablanketi hayakuweza kulituliza. Baba aliitwa arudi upesi.

Siku zilizofuata zilikuwa za kutisha. Misumari ya ukutani ilimwonekea kuwa vidole vikubwa vyeusi vilivyoungua. Alipiga kelele, alijirusha kutoka kitandani. Mara moja Louis aliketi karibu naye, kofia mkononi; mtoto akaiona kofia ile kama kitu cha kuogofya, akalia kwa hofu. Louis akatoka chumbani huku akitokwa na machozi. Fikirini uchungu wa mzazi aliyekuja kufariji, na kumbe kuja kwake kunaongeza hofu! Alidhani mtoto wake atakufa au atapotewa na akili.

Huku kwetu kando ya Lualaba nimeona zaidi ya mara moja kwamba jambo kama hili likitokea, kabla ya mapambazuko watu wameshaanza kumtafuta mchawi, na mgonjwa mwenyewe ameachwa peke yake. Teresia mwenyewe baadaye alidhani kuwa Shetani alikuwa na mkono katika ugonjwa ule. Lakini hatusomi popote kwamba Louis alimshtaki jirani au mtu wa ukoo. Daktari aliitwa, akaona kuwa ugonjwa ni mzito. Marie, binti wa kwanza, akawa mwuguzi. Alikaa na mdogo wake usiku na mchana, naye Teresia hakutaka aondoke hata kidogo. Baba alimpa Marie vipande vya dhahabu, aandike barua Paris ili Misa za novena zisomwe katika kanisa la Mama Yetu wa Ushindi.

Tarehe 13 Mei, Dominika ya Pentekoste, Teresia alimwita Marie bila kukoma, na Marie alipofika hakumtambua. Marie, Léonie na Céline wakapiga magoti mbele ya sanamu ya Bikira Maria. Mgonjwa naye akaielekea. Akamwona Bikira Maria akimtabasamia, na siku ile akapona. Alikuwa na miaka kumi.

Baadaye zamu ikageuka. Akili ya Louis mwenyewe ikaanza kudhoofika, na tarehe 12 Februari 1889 alipelekwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili mjini Caen. Wakati huo Teresia alikuwa ameshaingia Karmeli, na watu wa Lisieux walinong'ona kwamba kuondoka kwa binti zake ndiko kulikomharibu. Maneno hayo yaliwachoma sana. Céline na Léonie walihamia Caen kwa miezi kadhaa, wapate kuwa karibu naye. Alikaa huko miaka mitatu.

Mwezi wa Mei 1892 alirudishwa Lisieux, miguu yake imepooza. Alipelekwa mara moja Karmeli kuwaona binti zake. Alipoagana nao, aliinua kidole kuelekea mbinguni. Alikufa tarehe 29 Julai 1894, na Céline alikuwa kando ya kitanda chake. Mwaka 2015 Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu pamoja na Zélie mkewe.