Nikolai Vavilov: Mlinzi wa mbegu aliyekufa njaa

MWANASAYANSI Nikolai Vavilov, aliyezaliwa jijini Moscow, Urusi, mnamo 1887, alijitolea kutafuta asili ya mimea inayomlisha binadamu. Alishikilia kwamba chimbuko la zao ni pale aina zake na jamaa zake wa mwituni hupatikana kwa wingi. Ndiposa akazuru Ethiopia mnamo 1927 na Mexico mnamo 1930, akikusanya mbegu, za maharagwe zikiwemo, na kuzihifadhi Leningrad, ambayo sasa ni St Petersburg.

Hata hivyo, Trofim Lysenko, kipenzi cha Stalin, aliipiga vita sayansi ya jeni. Vavilov, aliyekataa kuikana, alikamatwa Agosti 1940 na kuhukumiwa kifo, adhabu iliyopunguzwa baadaye kuwa kifungo cha miaka 20. Alifariki kwa njaa katika gereza la Saratov mnamo Januari 26, 1943. Kule Leningrad, iliyokuwa imezingirwa na majeshi ya Ujerumani, baadhi ya wafanyakazi wake pia walikufa njaa wakizilinda mbegu hizo.

Jina lake lilisafishwa mnamo 1955. Uchunguzi wa jeni umebaini kwamba maharagwe, yenye kromosomu 22, yalitokana na maharagwe-mwitu mara mbili: nchini Mexico na katika milima ya Andes. Maeneo yote mawili yamo katika orodha ya Vavilov ya machimbuko ya mazao.