Bwana Samuel Jones, Meya wa Wasio na Makao

Mtu asiye na mahali pa kulala si mgeni kwetu. Yupo stendi ya mabasi Mbeya, na yupo kwenye vibaraza vya maduka Iringa, wakati wa baridi kali ya Juni na Julai. Wazee wetu wanakumbuka pia mwaka 1983, ilipotoka Sheria ya Nguvu Kazi, watu waliohesabiwa kuwa wazururaji wakakamatwa mijini na kupelekwa mashambani. Mwezi huu tumtazame meya mmoja wa nchi ya mbali aliyekutana na jambo hilo hilo, akalipima kwa Injili.

Samuel Milton Jones alizaliwa Wales, Uingereza, mwaka 1846, katika jamaa ya watu maskini. Alipokuwa na umri wa miaka 3 wazazi wake walihamia Marekani. Shule alisoma kidogo sana, kwa maana alianza kufanya kazi mashambani angali mtoto. Mwaka 1865 alifika Titusville, penye visima vya mafuta, akiwa na senti chache mfukoni, akazunguka huku na huku akitafuta kazi. Siku zile hakuzisahau.

Mungu alimjalia. Alichimba mafuta katika jimbo la Ohio, akawa tajiri, na mwaka 1894 akafungua kiwanda katika mji wa Toledo, kutengeneza vyuma vya kuvutia mafuta kisimani alivyovibuni mwenyewe. Lakini uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka mwaka 1893, na kila siku watu walikuja mlangoni kuomba kazi yoyote. Bwana Jones aliona uchungu. Akabandika ukutani kanuni ya Bwana wetu iliyo katika Mathayo 7:12, ya kuwatendea wengine kama tupendavyo kutendewa, akaifanya kuwa sheria pekee ya kiwanda. Wafanyakazi wake walifanya kazi saa 8 tu kwa siku, wakapewa likizo yenye malipo. Ndipo watu wakamwita Jones wa Kanuni ya Dhahabu.

Mwaka 1897 alichaguliwa kuwa Meya wa Toledo. Aliwanyang'anya askari marungu yao, akawapa fimbo nyepesi. Alifungua nyumba ya kulala watu wasio na makao, na viwanja vya kuchezea watoto. Sheria ilimruhusu meya kukaa kitini kama hakimu wa mahakama ya polisi. Basi walipoletwa mbele yake walevi na wazururaji, mara nyingi aliwaachilia waende zao. Aliona kwamba tajiri asiye na kazi haitwi mzururaji, bali maskini peke yake. Alishikilia pia kwamba sadaka peke yake haitoshi. Mtu anahitaji kazi yenye ujira wa haki.

Wakubwa walichukizwa. Hata wachungaji wengi wa mji walimpinga, kwa sababu hakutaka kuwaandama wanywaji na wenye vilabu vya pombe. Mwaka 1899 chama chake kilimkataa. Akasimama peke yake bila chama, naye akapata kura kama 7 katika kila 10. Baadaye Bunge la Ohio liliwaondolea mameya uwezo wa kukaa kitini pale mahakamani, lakini wananchi walizidi kumchagua. Alifariki tarehe 12 Julai 1904, angali Meya, na maelfu ya watu wakamsindikiza kaburini.

Bwana Jones hakumaliza umaskini wa Toledo. Lakini alikataa kumwadhibu mtu kwa kosa la kukosa kitanda. Nasi tutokapo Ibadani Jumapili tukampita yule alalaye kibarazani, tujiulize: je, jina lake tunalijua? Na nani kati yetu, mwenye duka, shamba au karakana, anaweza kumpa kazi ya siku moja?