Mtoro bin Mwinyi Bakari na Orodha ya Marejeo

Wanachuo wetu waliofanya mazoezi ya kufundisha Nanyala, wilayani Mbozi, walikiorodhesha kitabu cha Desturi za Wasuaheli (1903) chini ya jina la Velten. Hawakukosea kunakili, ndivyo kilivyochapwa.

Lakini sehemu kubwa ya habari zile iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, karibu na Bagamoyo, yapata mwaka 1869. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Carl Velten alikusanya maandishi yake na ya Waswahili wengine, akayachapisha Göttingen. Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Mjerumani. Mwaka uliofuata waliporejea, serikali ya kikoloni ikawakataza kushuka pamoja pwani. Wakarudi Ujerumani. Alifariki Berlin mwaka 1927. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1981 ndiyo iliyolitaja jina lake katika anwani.

Basi twawaelekeza wanachuo waanze na Mtoro na wenzake, kisha wamtaje Velten kuwa mhariri. Wala jina lisipinduliwe likawa Bakari, M., kama tuonavyo mara nyingi. Mwinyi Bakari ni baba yake. Aliyeandika ni Mtoro.