Lewi Pethrus: Mchungaji wa Uswidi aliyekataa makao makuu, na mbegu yake iliyoota Uvira

KAVIMVIRA – Mkristo wa Kiprotestanti wa Kavimvira akiulizwa anasali wapi, huenda akajibu kwa namba na herufi: 5e CELPA, 8e CEPAC. Namba hizo zimezoeleka kiasi kwamba wachache hujiuliza zilitoka wapi. Kwa CEPAC, Jumuiya ya Makanisa ya Kipentekoste katika Afrika ya Kati, historia inarudi hadi kwa mchungaji mmoja wa Stockholm ambaye kwa sehemu kubwa ya maisha yake alipinga makanisa kuwekwa chini ya makao makuu.

Jina lake ni Lewi Pethrus. Alizaliwa tarehe 11 Machi 1884 magharibi mwa Uswidi, katika familia ya wafanyakazi. Akiwa kijana alifanya kazi kiwandani, kisha akaingia katika utumishi wa kanisa la Kibaptisti na kusomea uchungaji Stockholm. Mwanzoni mwa 1907 alisikia habari za uamsho wa Kipentekoste uliokuwa umezuka Norway chini ya mchungaji Thomas Ball Barratt. Akaenda kujionea mwenyewe, na aliporudi alikuwa mtu wa uamsho huo.

Mwaka 1911 aliitwa kuchunga kanisa changa la Filadelfia, Stockholm. Mbali na mahubiri, kanisa hilo lilijulikana kwa kuwalisha maskini na kuwapa hifadhi watu wasio na makazi. Lakini mwaka 1913 muungano wa Wabaptisti uliifukuza Filadelfia nzima. Sababu iliyotolewa ilikuwa Meza ya Bwana: kanisa liliwakaribisha Wakristo wasiokuwa wa muungano huo.

Tukio hilo lilimwachia Pethrus fundisho ambalo hakuliacha. Kwake, chombo kilichokaa juu ya makanisa kingeweza siku moja kuyafunga mdomo. Katika Agano Jipya, alisema, kuna kanisa la mahali lenye wazee wake, na juu yake hakuna ofisi nyingine isipokuwa Kristo. Kwa hiyo Wapentekoste wa Uswidi hawakuwa na rais, sinodi wala katiba ya pamoja. Kila kanisa lilijitawala na kutuma wamisionari wake.

Ni katika hali hiyo wamisionari wa Kipentekoste kutoka Uswidi walifika Uvira mwaka 1921, wakati Wabelgiji walipokuwa wakitawala Kongo. Kazi yao ilijulikana kwa jina la Misheni Huru ya Uswidi. Kutoka upande huu wa ziwa ilisambaa milimani hadi Lemera, kisha ikavuka mipaka: mwaka 1935 ilianza Kiremba, Burundi, na mwaka 1940 ikafika Gihundwe, Rwanda. Makanisa makubwa ya Kipentekoste ya nchi hizo mbili yana mizizi huko.

Huko Uswidi, jambo la misheni ndilo lililoleta ugomvi mkali. Mwaka 1924 kiliundwa chombo cha kuratibu wamisionari, na katibu wake alikuwa A. P. Franklin. Pethrus aliona dhehebu linazaliwa kwa mlango wa nyuma. Mvutano ulidumu miaka kadhaa, na mwaka 1929 chombo hicho kikavunjwa. Franklin alishindwa na kutengwa.

Hapo ndipo wapinzani wa Pethrus walipopata hoja. Mtu huyu aliyekataa cheo cha kitaifa alikuwa na sauti nzito kuliko maaskofu wengi. Filadelfia ilikuwa na kampuni ya uchapishaji, gazeti la kila wiki na jengo kubwa la ibada lililofunguliwa mwaka 1930. Mwaka 1945 Pethrus alianzisha gazeti la kila siku, Dagen. Mwaka 1948 mwandishi mashuhuri Sven Lidman, aliyekuwa mhariri wa gazeti la kanisa, alimshutumu waziwazi kwa kupenda madaraka. Aliyeondoka ni Lidman.

Pethrus aliacha uchungaji wa Filadelfia mwaka 1958, lakini hakupumzika. Tayari mwaka 1955 alikuwa amesimamia kuanza kwa redio ya IBRA, iliyorusha matangazo kutoka Tangier, Morocco. Mwaka 1964, akiwa na miaka 80, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha siasa cha Wakristo wa kidemokrasia. Alifariki tarehe 4 Septemba 1974 akiwa na umri wa miaka 90.

Wakati huo kanisa lililozaliwa Uvira lilikuwa limekwisha kuchukua njia nyingine. Sheria ya tarehe 31 Desemba 1971, chini ya Mobutu, iliyalazimisha makanisa ya Kiprotestanti kuwa chini ya mwavuli mmoja, Kanisa la Kristo katika Zaire. Kila misheni ya zamani ikawa jumuiya yenye namba yake na mwakilishi wa kisheria mbele ya serikali. Wapentekoste wa asili ya Uswidi wakawa wa nane, kwa jina la CEPZA, ambalo baadaye likageuka CEPAC. Makao yao makuu yako Bukavu.

Mfumo huo umebeba mizigo mizito. Hospitali ya Lemera, katika eneo la Uvira, ambako wagonjwa na wauguzi waliuawa tarehe 6 Oktoba 1996, ni ya CEPAC. Daktari Denis Mukwege, aliyekuwa mkurugenzi wake, alianzisha baadaye hospitali ya Panzi mjini Bukavu chini ya jumuiya hiyo hiyo, na mwaka 2018 akapata Tuzo ya Amani ya Nobel. Ni vigumu kuona jinsi kanisa moja la mtaa, bila ofisi ya pamoja, lingeweza kuendesha hospitali kama hizo.

Hata Uswidi ilifika huko. Mwaka 2001, miaka 27 baada ya kifo cha Pethrus, makanisa ya Kipentekoste ya nchi hiyo yaliunda umoja wao wa kitaifa. Wakongo walikuwa wamewatangulia kwa miaka 30, ingawa wao walisukumwa na sheria ya serikali.

Hata hivyo, swali la mzee huyo halijafa naye. Sadaka ikitolewa katika kanisa la Kavimvira, ni kiasi gani kibaki pale na kiasi gani kiende juu? Mchungaji anapohamishwa, nani aamue: waumini wake au ofisi ya mbali? Na wakubwa wakigombana, kiwanja na jengo ni vya nani? Maisha ya Pethrus yanaonyesha kwamba kufuta ofisi hakufuti madaraka. Wanaochangia kujenga kanisa, awe na cheo au asiwe nacho anayewaongoza, wana haki ya kujua nani anaamua na anamjibu nani.