Mo, Mpiga Picha wa Korem

Kuna filamu moja ya dakika saba hivi iliyoniliza. Mwalimu wetu wa historia alituonyesha, darasa zima likanyamaza kimya, hata wale wa viti vya nyuma wanaocheka kila kitu.

Aliyeipiga alikuwa mwenzetu. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na alianza kupiga picha akiwa mwanafunzi kama sisi. Watu walimwita Mo.

Mnamo Oktoba 1984 alifika Korem, kaskazini mwa Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Mvua ilikuwa imekosa kunyesha, tena kulikuwa na vita kati ya serikali na wapiganaji wa kaskazini. Maelfu ya wakulima walikuwa wameacha mashamba yao, wakawa wanalala nje kwenye baridi ya milimani. Mo hakuiharakisha kamera. Aliiacha itulie kwenye uso wa mama, wa mzee, wa mtoto, hadi ukahisi kama unamjua.

Hapo ndipo tulipobishana na rafiki yangu. Yeye alishikilia kwamba ni vibaya kumpiga picha mtu anayekufa. Mbona asiweke kamera chini ampe maji? Nami nikamwuliza, mtungi mmoja ungewatosha wangapi? Picha zile zilitangazwa tarehe 23 Oktoba, kisha zikaonyeshwa na vituo zaidi ya 400 vya televisheni duniani. Misaada ikamiminika, na Julai 1985 wanamuziki wakafanya tamasha la Live Aid. Lakini rafiki yangu hakushindwa kabisa. Taarifa ile iligusia vita kidogo tu, basi watazamaji wengi wakadhani ni ukame peke yake. Hilo namkubalia.

Mo hakuwasahau watu wale. Baadaye alitengeneza filamu nyingine ndefu juu ya njaa hiyo, African Calvary. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, akapoteza mkono wa kushoto, na mwenzake wa kunasa sauti, John Mathai, akafariki. Mo akawekewa mkono wa bandia, huyoo, akarudi kazini!

Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege kutoka Addis Ababa kuja Nairobi. Ilitekwa nyara, ikaishiwa na mafuta, ikaanguka baharini karibu na Komoro. Walionusurika walisimulia kwamba Mo alikuwa amesimama, akibishana na watekaji. Alikuwa na miaka 53.