Richard Buchta, mpiga picha wa nchi za Nile ya juu

Anayesafiri kutoka Arua kuelekea Koboko wakati wa kiangazi huuona mlima Liru ukijitokeza polepole kutoka katika vumbi na moshi wa nyasi zilizochomwa. Mara nyingi huitoa simu yake mfukoni na kuupiga picha hata kabla gari halijasimama. Miaka ya 1870, picha moja ya mlima katika nchi hizi ilidai wapagazi, masanduku ya vioo, chupa za dawa na subira ya saa nyingi. Miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa walioifanya kazi hiyo katika Nile ya juu ni Richard Buchta, raia wa milki ya Austria.

Buchta alizaliwa mwaka 1845 huko Galicia, jimbo ambalo leo limegawanyika kati ya Poland na Ukraine. Akiwa kijana alitangatanga katika nchi kadhaa kabla ya kufika Misri, na mwaka 1877 alikuwa Khartoum. Wakati huo Sudan yote, pamoja na jimbo la Ikweta lililoenea hadi kaskazini mwa Uganda ya leo, ilikuwa chini ya Misri, na gavana mkuu alikuwa Mwingereza Charles Gordon. Mwaka 1878 Gordon alimkabidhi jimbo la Ikweta daktari Mjerumani aliyejiita Emin. Katika kipindi hichohicho Buchta alipanda mto hadi Lado, makao makuu ya Emin, na kutoka huko akaanza safari zake.

Nchi aliyoikabili haikuwa rahisi kwa miguu wala kwa kamera. Juu ya Rejaf mto hupita katika miamba na maporomoko, hivyo meli za Khartoum hazikuweza kuendelea. Kila mzigo ulishushwa na kubebwa vichwani hadi Dufile, katika wilaya ya Moyo ya leo, ambako meli nyingine zilisubiri kuelekea ziwa Albert. Meli hizo zenyewe zilikuwa zimebebwa vipandevipande na watu kabla ya kuunganishwa ukingoni. Mpiga picha aliyechukua vioo katika njia ya namna hiyo alijua kwamba mpagazi mmoja akijikwaa, kazi ya mwezi mzima ingekuwa vigae.

Ufundi wa zama zile ulikuwa na masharti yake. Kioo kilichopakwa dawa kilihitaji muda kupokea mwanga, hivyo majani yaliyotikiswa na upepo yaliacha ukungu, na maji ya mto yalionekana kama maziwa yaliyomwagika. Anga la buluu lilitoka jeupe tupu, bila wingu. Kilichobaki imara katika picha ni kile kisichotikisika: jiwe, mlima, kuta za boma, shina la mti mkubwa. Pengine ndiyo sababu mandhari ya picha za wakati ule huonekana kali kuliko ilivyo; ukali ule ni wa nchi kwa sehemu, na kwa sehemu ni wa kioo.

Buchta alifika hadi mipaka ya Unyoro upande wa kusini. Upande wa magharibi aliingia nchi ya Makaraka, karibu na Yei, kaskazini mwa Koboko ya leo. Mwaka 1881 kazi yake ilichapishwa Berlin, ikiwa na picha 160. Jina la kitabu cha Kijerumani linataja nchi za Nile ya juu, mandhari zake na neno moja ambalo mfasiri hulisumbukia: ukilitafsiri makabila, umelipamba, maana yake iko karibu zaidi na sampuli za watu. Mlima ulipewa jina lake, lakini mtu aliyesimama mbele ya kamera aliandikwa Mbari au Mmakaraka, basi. Lazima pia isemwe kwamba Buchta alisafiri chini ya ulinzi wa utawala ambao askari wake walijilisha kwa nafaka na ng'ombe wa wanavijiji.

Mwaka huohuo wa 1881 Muhammad Ahmad alijitangaza Mahdi. Khartoum ilianguka Januari 1885, njia ya mto ikafungwa, na Emin akarudi nyuma hadi Wadelai. Mwaka 1889 aliondoka na Stanley kuelekea pwani, akiacha nyuma askari wake wengi, wakiwamo Wamakaraka. Mwaka 1891 Lugard aliwachukua kulitumikia kampuni la Waingereza, na vizazi vyao ndio Wanubi wa Bombo, Kibera na mitaa ya Arua. Kwa familia nyingi za Kinubi, picha za Buchta ndizo zilizo karibu zaidi na sura za babu na bibi zao kabla ya safari hiyo.

Yeye mwenyewe hakurudi tena katika nchi hizi. Aliandika kitabu kuhusu Sudan chini ya utawala wa Misri, kilichotoka mwaka 1888, na akamsaidia msafiri Wilhelm Junker kutayarisha vitabu vya safari zake. Picha zake zilichongwa upya na kuingizwa katika vitabu vya watu wengine. Wachongaji walinyoosha mgongo wa huyu, wakaongeza mtende pale, na wingu ambalo kioo hakikuliona likapata nafasi yake angani.

Buchta alifariki Vienna mwaka 1894. Arua haikuwapo bado. Mji huo ulianzishwa mwaka 1914, West Nile ilipohamishiwa Uganda. Picha zake kadhaa zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Pitt Rivers mjini Oxford, na mwenye intaneti anaweza kuzitazama akiwa Koboko. Jina la mpiga picha limeandikwa kando ya kila moja.