Fredrik Berg: Daktari aliyegundua fangasi vinywani mwa watoto wa Stockholm

FITTJA, Stockholm

Ukipanda treni ya chini ya ardhi hapa Fittja, baada ya nusu saa hivi unateremka katikati ya jiji la Stockholm. Ukitembea kidogo unafika mtaa uitwao Barnhusgatan, yaani Mtaa wa Nyumba ya Watoto. Nyumba yenyewe, iliyopokea watoto yatima na waliotelekezwa tangu karne ya 17, haipo tena mahali hapo. Limebaki jina tu.

Nilikwenda huko kwa sababu ya jirani yangu mmoja, mama wa Kiafrika Mashariki mwenye mtoto wa miezi miwili. Mtoto alikuwa na utando mweupe kwenye ulimi na ndani ya mashavu, akawa anakataa ziwa. Muuguzi alimwambia ni fangasi, akampa dawa ya matone. Lakini kabatini mama huyo alikuwa na vidonge vya fangasi alivyoletewa na ndugu kwenye sanduku, vya mtu mzima, nusu vimeshatumika, na alitaka nimsaidie kukata kimoja vipande vinne. Nilikataa. Ndipo nikamkumbuka Fredrik Theodor Berg.

Berg alizaliwa Göteborg mwaka 1806, akasomea udaktari, na mwanzoni mwa miaka ya 1840 akawa mganga mkuu wa nyumba ile ya watoto. Msomaji asidhani ilikuwa kazi ya heshima kubwa. Watoto wachanga waliletwa humo kwa wingi, wakanyonyeshwa na mayaya wa kuajiriwa au kulishwa kwa chupa, na wengi walikufa kabla hawajapelekwa kwa walezi wa vijijini. Utando mweupe vinywani ulikuwa jambo la kila siku. Waswidi wanauita torsk, neno ambalo pia ni jina la samaki chewa, jambo lililonichanganya sana nilipoanza kujifunza lugha yao.

Madaktari wengi wa wakati huo waliamini utando huo ni maziwa yaliyoganda, au uchafu unaotokana na uvimbe wa kinywa. Berg aliuweka chini ya hadubini akaona nyuzi na mbegu za kitu chenye uhai wake. Alieleza jambo hilo mwaka 1841. Hakuwa peke yake: Mjerumani Langenbeck alikuwa ameona kitu cha namna hiyo mwaka 1839 kwa mgonjwa wa homa ya matumbo, akadhani ndicho kilicholeta homa, na Gruby kule Paris aliandika juu yake mwaka 1842. Tofauti ni kwamba Berg hakuishia kwenye hadubini. Aliuliza fangasi hawa wanapitaje kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine.

Hapa ndipo penye utata, na wanaomsifu hupapita haraka. Ili kuthibitisha, Berg alichukua utando wa watoto wagonjwa akaupaka vinywani mwa watoto wazima, nao wakapata ugonjwa. Watoto hao hawakuwa na baba wala mama wa kuwasemea. Leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingekubali jambo hilo, na mimi niliyefika nchi hii nikiwa sina mtu wa kunisemea siwezi kulisoma kwa moyo mwepesi. Lakini matokeo yake yaliwafaa watoto waliofuata: alionyesha kwamba chupa za kulishia zilizopita kinywa hadi kinywa ndizo zilizobeba ugonjwa.

Mwaka 1845 Berg alifanywa profesa wa magonjwa ya watoto katika chuo cha Karolinska, cheo kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha aina hiyo duniani. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu chake juu ya torsk. Baadaye akaacha wodi, akaingia kwenye hesabu. Ilipoundwa ofisi kuu ya takwimu ya Sweden mwaka 1858 yeye ndiye aliyeiongoza, akakaa hapo hadi 1879. Akafariki mwaka 1887.

Wengine hushangaa daktari kugeuka karani wa takwimu. Mimi sishangai. Aliyeona watoto wakifa kwa mamia lazima atake kujua idadi yao na sababu.

Dawa ya kweli ya fangasi hao Berg hakuiona. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1950, wanawake wawili wa Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, walipotangaza nistatini, iliyopewa jina la jimbo la New York. Baadaye ikaja flukonazoli, iliyookoa wagonjwa wengi wa Ukimwi ambao fangasi ziliwajaa kinywani na kooni wasiweze kumeza hata uji. Katika miaka ya 1990 ikaonekana kwamba kwa waliotumia dawa hiyo muda mrefu, fangasi walianza kuizoea.

Kisha mwaka 2009 Wajapani wakaeleza fangasi mpya, Candida auris, waliompata sikioni mwa mgonjwa. Huyu mara nyingi haisikii flukonazoli kabisa, hukaa kwenye vitanda na vifaa vya hospitali, na huingia kwenye damu ya wagonjwa mahututi, wakubwa kwa wachanga. Ameonekana hata Kenya. Shirika la Afya Duniani lilimweka mwaka 2022 kwenye kundi la fangasi wa hatari ya juu kabisa. Anavyoenea ni kama vile alivyoonyesha Berg: kwa mikono na vyombo vinavyotoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Kumtambua kunataka maabara nzuri, na kwetu hospitali nyingi hazina. Mgonjwa hupewa dawa iliyopo, akifa huandikwa kafa kwa homa. Hesabu ya namna hiyo Berg asingeikubali ofisini kwake.

Mtoto wa jirani yangu ananyonya vizuri sasa. Vile vidonge nilimshauri mama yake avipeleke duka la dawa, ambako hapa Sweden hupokea dawa zisizotumika. Hadi naandika haya bado viko kabatini.